Saa, Wakati na Muda: Uhakiki wa Istilahi za Jedwali la Saa za Kazi

1. Hati inayohakikiwa

Taasisi moja, ambayo si lazima itajwe jina hapa, ilituletea tafsiri ya kitabu cha maelekezo pamoja na fomu za programu ya hifadhidata inayotumika kuhesabu saa za kazi za watumishi wake. Programu yenyewe si ya ajabu. Kila mtumishi ana mstari wake katika jedwali. Huandika anapoingia kazini na anapotoka. Mashine hutoa, hujumlisha, na mwisho wa mwezi hesabu humfikia mhasibu ili mshahara ulipwe. Tuliombwa tuipitie lugha yake na kuipa ithibati kabla hati haijachapishwa na kugawiwa ofisi zote.

Barua iliyoambatana na hati hiyo ilitaja jambo lililotufanya tusome kwa makini kuliko kawaida. Katika majaribio, walinzi wa zamu ya usiku walionekana katika jedwali kuwa wamefanya kazi kwa saa sifuri. Mafundi walisema kuwa walinzi wamejaza vibaya. Walinzi walisema kuwa mashine imewadhulumu. Baada ya kuisoma hati ukurasa baada ya ukurasa, mwandishi wa makala haya anaona kwamba pande zote mbili zilisema kweli kwa kiasi fulani, na kwamba chanzo kikubwa cha mgogoro ni neno moja dogo ambalo sisi sote tunadhani tunalijua: saa.

Yamkini baadhi ya wasomaji watauliza kama jambo hili ni la wachunguzi wa lugha au la mafundi wa kompyuta. Jibu ni kwamba fundi huiambia mashine la kufanya, lakini anayemwambia mlinzi aandike nini ni mfasiri. Mfasiri akikosea kichwa cha safu, hesabu iliyo sahihi kabisa huzaa mshahara ulio batili.

2. Yaliyofanywa vema

Ni haki kuanza na sifa. Mfasiri ametumia neno zamu pote ambapo wengine siku hizi huandika shifti, na amefanya vizuri, kwa kuwa zamu ni neno letu la tangu zamani lenye maana hiyo hiyo. Ametumia hifadhidata, jedwali, mapumziko na likizo kwa utaratibu usiobadilika kuanzia mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo ni nadra katika tafsiri za programu.

Aidha, ametupa jina la hati yenyewe kwa busara. Angeweza kuandika karatasi ya wakati, ambayo ingekuwa tafsiri ya neno kwa neno isiyo na maana kwa msomaji. Angeweza pia kuandika daftari la mahudhurio, ila daftari hilo, kama kila mwalimu ajuavyo, huonyesha nani alikuwepo na nani hakuwepo. Halisemi alikuwepo kwa kiasi gani. Yeye ameandika jedwali la saa za kazi, na jina hilo linafaa.

Tukumbuke kwamba kumbukumbu ya kazi si jambo geni katika lugha yetu. Neno kibarua limetokana na barua: mfanyakazi wa kutwa alipewa kijikaratasi cha kuthibitisha kazi aliyoifanya, akakitoa apate ujira wake, hata jina la karatasi likawa jina la mtu mwenyewe. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika palikuwa na kipande, kadi ya siku thelathini za kazi, na siku isiyotiwa alama haikulipwa. Waliokuwa wakimaliza kipande walijua vyema kwamba alama moja iliyosahauliwa ni chakula cha siku moja. Jedwali la hifadhidata ni mjukuu wa kipande. Tofauti ni kwamba kipande kilishikwa na mfanyakazi mkononi naye aliweza kuhesabu alama zake, ilhali jedwali hili lipo ndani ya mashine, na mfanyakazi huona jumla peke yake. Kwa hiyo maneno yaliyo juu ya jumla hiyo hayana budi kuwa wazi.

3. Neno moja, maana mbili

Katika hati hii neno saa limetumika kwa vichwa vitano vya safu: Saa ya Kuingia, Saa ya Kutoka, Saa za Mapumziko, Saa za Kazi na Jumla ya Saa. Viwili vya kwanza vinataja nukta katika mwendo wa siku. Vitatu vya mwisho vinataja urefu. Hivi ni vitu viwili mbalimbali: mtu hawezi kujumlisha saa ya kuingia ya Jumatatu na saa ya kuingia ya Jumanne akapata kitu chenye maana, lakini aweza kujumlisha saa za kazi za siku hizo mbili.

Katika usemi wa kawaida Kiswahili hakichanganyi mambo haya. Husema "saa tatu imefika", kwa upatanisho wa umoja, tunapotaja wakati wa siku. Na husema "saa tatu zimepita", kwa upatanisho wa wingi, tunapotaja kipimo. Umbo la nomino halibadiliki, bali kitenzi kinafichua maana. Hapo ndipo jedwali linapotuponza. Kichwa cha safu hakina kitenzi, na safu yenyewe ina tarakimu tupu. Sarufi iliyotulinda katika sentensi haipo tena. Msomaji anayeona "Saa: 8" hana njia ya kujua kama ameambiwa saa nane mchana au muda wa saa nane.

Juu ya hayo kuna tatizo la hesabu ya saa yenyewe. Mswahili huhesabu saa kuanzia macheo na machweo. Saa moja asubuhi ndiyo 07:00 ya mashine. Fomu inayohakikiwa inasema tu: "Andika saa ya kuingia." Mtumishi aliyeanza kazi saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi jioni huandika, kwa haki kabisa, 2 na 10. Mashine hutoa 2 katika 10 na kupata saa 8. Jibu ni sahihi, na kwa kuwa ni sahihi hakuna anayeshtuka. Lakini mashine imeelewa kwamba mtu huyu aliingia saa nane usiku na kutoka saa nne asubuhi. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, usiku ni kuanzia 20:00 hadi 06:00, na kila saa ya kazi ya usiku huongezewa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Basi karani wa mchana anaandikiwa saa 4 za usiku ambazo hakuzifanya. Siku mkaguzi atakapoligundua jambo hilo, atakayeitwa mwizi ni karani, wala si kichwa cha safu.

4. Mlinzi wa usiku

Sasa tumtazame mlinzi. Aliingia zamu saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa, akatoka saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi. Akiandika kwa hesabu ya Kiswahili ataandika 12 na 12, na mashine itatoa 12 katika 12 na kubaki sifuri. Hiyo ndiyo sifuri iliyotajwa katika barua. Akifundishwa kuandika kwa mtindo wa saa ishirini na nne, ataandika 18:00 na 06:00, na mashine itapata saa 12 pungufu ya sifuri, yaani deni. Kwa vyovyote vile ameonewa, kwa sababu fomu imemwomba saa bila kumwomba tarehe.

Wakati kamili una sehemu mbili, tarehe na saa, na zamu inayovuka saa sita usiku haihesabiki bila sehemu zote mbili. Lugha yetu ilikwisha kulitambua hilo. Kwa desturi ya pwani siku huanza magharibi, na usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Bara wengi huuelewa usiku huo kuwa ni ule unaofuata. Ili kuepusha mgongano huu, magazeti na redio husema "usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi", na hakuna anayekosea. Mfasiri angeandika katika maelekezo kwamba zamu ya usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi huandikwa kwa tarehe mbili, ya kuingia na ya kutoka, angekuwa amewaondolea walinzi adha kubwa kwa maneno waliyoyazoea tangu utotoni.

Ili msomaji apate kipimo cha hasara, tuchukue kwa mfano kwamba mlinzi huyu analipwa shilingi 1,000 kwa saa, na kwamba alipumzika mara mbili bila malipo, saa moja kila mara, kuanzia 22:00 na kuanzia 03:00. Sheria iliyotajwa inataka mapumziko ya angalau dakika 60 kwa anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano. Alikuwepo kwa saa 12, akafanya kazi kwa saa 10. Saa 9 ni za kawaida, ambazo ndizo kikomo cha siku pasipokuwa na makubaliano maalumu, na saa 1 ni ya ziada. Saa 9 za kawaida ni shilingi 9,000. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu, yaani shilingi 1,500. Katika zile saa za kawaida, 7 ni za usiku, na nyongeza yake ni shilingi 350. Saa ya ziada nayo ni ya usiku, na nyongeza yake, inayokokotolewa juu ya kiwango cha ziada, ni shilingi 75. Jumla ni shilingi 10,925 kwa usiku mmoja. Jedwali lilimwandikia sifuri.

5. Jumla inayopotea

Kosa la tatu limejificha zaidi. Programu nyingi za hifadhidata na za majedwali huhifadhi wakati kama namba: sehemu nzima huhesabu siku, na desimali huonyesha kipande cha siku. Katika programu ya Microsoft Access, kwa mfano, siku ya sifuri ni tarehe 30 Desemba 1899, na saa kumi na mbili jioni ni 0.75, yaani robo tatu ya siku. Mtumishi aliyetimiza saa 45, ambazo ni kikomo cha saa za kawaida kwa wiki, huhifadhiwa kama siku 1.875. Fundi akiamuru jumla hiyo ionyeshwe kwa umbo la saa ya ukutani, mashine huiacha siku nzima na kuonyesha kipande kilichobaki, 0.875, kwa tarakimu hizi: 21:00.

Hivyo ndivyo ilivyo katika fomu tuliyoletewa. Chini ya kichwa "Jumla ya Saa" panaonekana 21:00 kwa mtu aliyefanya kazi kwa saa 45. Mashine haikukosea hesabu. Imejibu swali la saa ngapi ukutani, ilhali aliulizwa swali la saa ngapi kwa wingi. Kama kichwa kingesema "Jumla ya muda wa kazi", msomaji wa kwanza tu angeuliza kwa nini muda umeandikwa kama saa ya ukutani. Kwa kuwa kichwa kinasema "saa", tarakimu 21:00 zinaonekana zipo nyumbani kwake, na anayezisoma kwa Kiswahili atasema ni saa tatu usiku.

6. Nukta na robo

Kitabu cha maelekezo kinamwagiza karani aandike mapumziko na saa za ziada "kwa saa na nukta". Karani aliyefanya kazi saa saba na nusu huandika 7.30. Mashine husoma 7.30 kuwa saa saba na sehemu tatu za kumi, yaani saa 7 na dakika 18. Dakika 12 zimepotea. Kwa siku tano imepotea saa nzima.

Mfasiri amesahau kwamba nukta ina historia. Wazee wetu waliitumia kwa kituo cha maandishi na hata kwa sekunde, na wanahisabati wetu wakaichukua kwa alama ya desimali. Katika jambo la saa, nukta inavuta huku na huku. Ajabu ni kwamba usemi wetu wa kila siku ulikwisha kuwa tayari kwa desimali: saa saba na robo ni 7.25, saa saba na nusu ni 7.5, saa nane kasorobo ni 7.75. Mwalimu wa darasa la tano angeweza kuwafundisha makarani jambo hili kwa dakika kumi, kama maelekezo yangetumia robo na nusu badala ya nukta.

7. Ziada ya nini?

Hati inatumia "ziada" kwa mambo matatu: saa zinazozidi za kawaida, malipo ya saa hizo, na salio la siku za likizo. Sheria inazitenganisha. Saa za ziada zina kikomo chake, nacho ni saa 50 katika kila mzunguko wa wiki nne. Malipo yana kiwango chake, ambacho hakipungui mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Na likizo ni habari nyingine kabisa. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, mvurugano wa namna hii hauwezi tena kuhesabiwa kuwa ni udhaifu wa mtindo. Siku moja jedwali hili litawekwa mbele ya hakimu, naye atalisoma kwa Kiswahili kilichomo.

8. Hoja ya "masaa"

Baadhi ya wenzetu, tulipowaeleza tatizo hili, walipendekeza dawa rahisi: neno saa libaki kwa wakati wa ukutani, na masaa litumike kwa kipimo. Ni pendekezo lenye mvuto, na si haki kulitupa kwa kusema tu kwamba masaa si sanifu. Ni kweli kwamba nomino saa imo katika ngeli isiyobadilika umbo kwa wingi. Sababu nzito zaidi, hata hivyo, ni kwamba wanaosema masaa hawaipangi maana kama pendekezo linavyodai: husema "masaa matatu" kwa kipimo, na husema pia "masaa ya jioni" kwa sehemu ya siku. Tena kipimo kikiwa kimoja, dawa hiyo haifanyi kazi, kwani hakuna atakayeandika "masaa 1".

Pendekezo letu ni kuyatumia maneno mawili tuliyo nayo: wakati kwa nukta ya mwendo wa siku, na muda kwa urefu. Saa ibaki kuwa jina la kizio, kama kilo na mita zilivyo. Najua kwamba katika usemi wa kawaida wakati nao hutaja kipindi kirefu, kama tusemavyo wakati wa masika. Lakini kazi ya istilahi ni kulifunga neno kwenye maana moja ndani ya uwanja mmoja. Fizikia imelifanya hivyo neno kazi, na hakuna mkulima aliyekatazwa kulitumia shambani kwake.

9. Mapendekezo

Tumeirudishia taasisi hati yake tukipendekeza haya:

(a) Vichwa viwili vya kwanza viwe Wakati wa Kuingia na Wakati wa Kutoka, kila kimoja kikiwa na tarehe na saa.

(b) Tarakimu za wakati ziandikwe kwa mtindo wa saa ishirini na nne, na pembeni mashine iandike yenyewe tafsiri yake kwa maneno, kwa mfano 18:00, saa kumi na mbili jioni, ili anayejaza aone mara moja kama ameeleweka.

(c) Tofauti ya nyakati hizo iitwe Muda wa Kuwepo. Ukitolewa Muda wa Mapumziko usiolipwa, kinachobaki kiitwe Muda wa Kazi. Mtumishi asidhani kwamba kuwepo na kufanya kazi ni hesabu moja.

(d) Muda wa Kazi ugawanywe kuwa Saa za Kawaida na Saa za Ziada. Saa za Usiku zionyeshwe katika safu ya peke yake, kwa kuwa saa moja yaweza kuwa ya ziada na ya usiku kwa pamoja. Fedha ziitwe Malipo ya Saa za Ziada na Nyongeza ya Usiku. Likizo iwe na salio.

(e) Ndani ya hifadhidata muda wote uhesabiwe kwa dakika nzima, ujumlishwe kwa dakika, kisha mwishoni ugawanywe kwa 60. Siku ya saa 9 ni dakika 540. Wiki ya saa 45 ni dakika 2,700. Hakuna aliyewahi kuchanganya dakika 2,700 na saa ya ukutani.

10. Hitimisho

Itakuwa kosa kumtupia mfasiri lawama yote. Orodha za istilahi alizozitegemea, pamoja na zile tulizozitoa sisi wenyewe, zimeweka neno saa mbele ya dhana zote mbili bila maelezo wala mfano. Mfasiri alifuata orodha kwa uaminifu, na orodha ikampoteza. Orodha inayotoa neno bila kutoa matumizi yake ni nusu ya kazi, na katika jambo hili nusu iliyokosekana imelipwa na walinzi.

Tunawaomba walimu wa hisabati na wa biashara, makarani wa utumishi, na wafasiri wanaoshughulikia programu za aina hii watuandikie: katika sehemu zao za kazi vichwa vya safu vinasemaje, na je, pendekezo la wakati na muda linakubalika katika midomo ya watu? Yatakayoletwa yatafikishwa mbele ya kamati ya istilahi kabla maneno haya hayajasanifishwa. Mpaka hapo, anayepewa kutafsiri jedwali la namna hii na aanze kwa kujaza mstari mmoja wa mlinzi wa usiku, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili, atazame mashine itamwambia nini.